Kasi na Dupleksi katika Mtandao wa Etheneti

Mada kuu: Mitandao ya kompyuta na mawasiliano ya data

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza maana ya kasi ya kiungo, simpleksi, nusu dupleksi na dupleksi kamili;
(b) kueleza jinsi vifaa viwili vinavyopatana kasi na dupleksi;
(c) kutabiri kitakachotokea upande mmoja ukisanidiwa tofauti na mwengine;
(d) kusanidi kasi na dupleksi kwenye kompyuta na kwenye swichi;
(e) kulitambua tatizo la dupleksi kwa dalili zake.

1. Utangulizi

Tuchukue skuli moja ya Shumba, Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Maabara yake ya kompyuta ina kompyuta 20, swichi moja ya milango 24, na seva moja iliyohifadhi video za masomo pamoja na karatasi za mitihani iliyopita. Seva imekaa kwenye kona ya chumba hichohicho.

Wanafunzi wanafungua video ya somo la Biolojia kutoka kwenye seva. Video inakwenda sekunde tano, inasimama, inakwenda tena. Taa za swichi zinawaka. Amri ya ping inajibiwa vizuri. Uamuzi unaotolewa haraka ni kwamba intaneti ni mbovu, na fedha zinachangwa ili kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi kinanunuliwa, na video inakwama vilevile.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli. Video ile haikutoka kwenye intaneti. Ilitoka kwenye seva iliyo mita chache kutoka kwa mwanafunzi. Kosa liko kwenye kebo moja tu, baina ya seva na swichi, ambako pande mbili hazikukubaliana namna ya kuzungumza. Dawa yake haigharimu hata shilingi moja, lakini anayeipata ni yule anayejua pa kutazama.

2. Maana ya istilahi

Kasi ya kiungo ni kiasi cha biti kinachoweza kupita kwenye kiungo kwa sekunde moja. Hupimwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps). Kasi za kawaida za Etheneti ya kebo za shaba ni Mbps 10, Mbps 100 na Mbps 1000. Hii ya mwisho huitwa pia gigabiti moja kwa sekunde.

Simpleksi ni mawasiliano ya upande mmoja tu. Mfano ni matangazo ya redio: wewe unasikiliza, mtangazaji hakusikii.

Nusu dupleksi ni mawasiliano ya pande mbili, lakini kwa zamu. Mfano ni redio ya upepo: ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikiliza. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika.

Dupleksi kamili ni mawasiliano ya pande mbili kwa wakati mmoja. Mfano ni simu: mnaweza kusema na kusikia kwa pamoja.

Fikiria njia nyembamba inayopita kwenye mashamba ya mikarafuu. Gari ikiingia kutoka upande huu, ile ya upande wa pili lazima ingoje. Hiyo ni nusu dupleksi. Barabara ya lami yenye njia mbili, ambapo wanaokwenda Konde na wanaorudi hupishana bila kusubiriana, ndiyo dupleksi kamili.

Zingatia: Kasi na dupleksi ni vitu viwili tofauti. Kasi inajibu swali "biti ngapi kwa sekunde?" Dupleksi inajibu swali "kwa zamu au kwa pamoja?" Kiungo cha Mbps 100 kinaweza kuwa nusu dupleksi au dupleksi kamili.

3. Etheneti ilikotoka

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kuendesha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet. Hawaii ni visiwa, na kuvusha waya kutoka kisiwa hadi kisiwa ni kazi kubwa, jambo ambalo sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa. Vituo vyote vya visiwani vilitumia masafa mamoja ya redio kupeleka data kwenye kompyuta kuu. Vituo viwili vilipotuma kwa pamoja, ujumbe uligongana na kuharibika, na kila kimoja kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena.

Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko Marekani, alilichukua wazo hilo akaliweka kwenye kebo. Yeye na David Boggs waliunda Etheneti ya kwanza, iliyokwenda kwa kasi ya Mbps 2.94. Kompyuta zote zilining'inia kwenye kebo moja, kwa hiyo zilihitaji adabu ya kusema. Adabu hiyo inaitwa CSMA/CD, na hatua zake ni hizi:

1. Sikiliza kwanza. Kama kebo ina shughuli, ngoja.
2. Kebo ikiwa kimya, tuma.
3. Endelea kusikiliza huku ukituma. Ukisikia mwengine naye anatuma, huo ni mgongano.
4. Mgongano ukitokea, acha kutuma, ngoja muda wa kubahatisha, kisha jaribu tena. Baada ya majaribio 16 yaliyoshindwa, fremu hiyo huachwa.

Kiwango cha kimataifa cha Etheneti, IEEE 802.3, kilitolewa mwaka 1983 kwa kasi ya Mbps 10. Kasi ya Mbps 100 iliingia mwaka 1995, dupleksi kamili ikawekewa kiwango mwaka 1997, na Mbps 1000 kwenye kebo ya kawaida ya shaba mwaka 1999.

Swichi ndiyo iliyobadilisha mambo. Kila kompyuta sasa ina kebo yake hadi kwenye swichi, na ndani ya kebo hiyo mna jozi za nyaya za kutuma na za kupokea. Haina tena wa kugongana naye. Kwa hiyo kwenye dupleksi kamili CSMA/CD haitumiki. Kifaa hakisikilizi kabla ya kutuma; kinatuma kila kinapokuwa na data. Shika jambo hili, kwa sababu ndilo litakaloeleza tatizo la seva yetu.

4. Mapatano ya kiotomatiki

Unapochomeka kebo, vifaa viwili huanza kwa kupelekeana mapigo madogo ya umeme. Ndani ya mapigo hayo kila kifaa hutangaza kinachokiweza: "Mimi naweza Mbps 10, 100 na 1000, nusu na kamili." Kisha vyote viwili huchagua kilicho bora kati ya vile wanavyoviweza kwa pamoja. Utaratibu huu ndio mapatano ya kiotomatiki. Mpangilio wa ubora, kuanzia juu, ni huu:

1. Mbps 1000, dupleksi kamili
2. Mbps 1000, nusu dupleksi
3. Mbps 100, dupleksi kamili
4. Mbps 100, nusu dupleksi
5. Mbps 10, dupleksi kamili
6. Mbps 10, nusu dupleksi

Sasa swali la msingi: itakuwaje upande mmoja ukizimwa mapatano na kusanidiwa kwa mkono, na upande wa pili ukabaki kwenye mapatano?

Upande uliosanidiwa kwa mkono hautangazi chochote. Upande wa kiotomatiki unaweza kuitambua kasi, kwa sababu mawimbi ya Mbps 10 na ya Mbps 100 yana sura tofauti kwenye waya. Lakini dupleksi haina alama yoyote kwenye waya. Kifaa hakiwezi kuiona wala kuikisia. Kiwango kinasema kwamba katika hali hiyo kifaa kichukue nusu dupleksi, kwa tahadhari.

Kutokana na hapo tunapata jedwali hili.

| Upande A | Upande B | Matokeo |
|---|---|---|
| Kiotomatiki | Kiotomatiki | Kasi kubwa wanayoiweza wote, dupleksi kamili |
| Kiotomatiki | 100, kamili (kwa mkono) | Mbps 100. A ni nusu, B ni kamili. Tatizo |
| Kiotomatiki | 100, nusu (kwa mkono) | Mbps 100, wote nusu. Inafanya kazi |
| 100, kamili (kwa mkono) | 100, kamili (kwa mkono) | Mbps 100, wote kamili. Inafanya kazi |
| 10, kamili (kwa mkono) | 100, kamili (kwa mkono) | Kasi hazilingani. Hakuna kiungo |

Safu ya pili ndiyo inayowashangaza watu. Aliyeisanidi seva aliandika "100, kamili" akiamini ameiongezea nguvu. Kumbe ameinyamazisha, na swichi ikaamua kuwa nusu dupleksi.

5. Dupleksi zikitofautiana, nini hutokea?

Rudi kwenye maabara yetu. Seva iko kwenye dupleksi kamili, na mlango wa swichi uko kwenye nusu dupleksi.

Swichi inafuata adabu ya CSMA/CD. Inasikiliza, inaona kimya, inaanza kutuma. Seva, ambayo haina haja ya kusikiliza, nayo inaanza kutuma wakati huohuo. Swichi inapopokea huku ikituma, inahesabu kuwa ni mgongano. Inaikata fremu yake katikati na kungoja. Seva inapokea kipande cha fremu kilichokatika, inakikagua, inakuta hesabu ya ukaguzi (CRC) haikubali, inakitupa. Fremu ya seva nayo inapotea upande wa swichi.

Mgongano wa halali hutokea mapema, kabla biti 512 (baiti 64) za mwanzo hazijamaliza kutumwa. Seva hii haijali zamu, kwa hiyo huingilia wakati wowote, hata fremu ikiwa imeshafika katikati. Huo huitwa mgongano uliochelewa. Fremu iliyopatwa na mgongano uliochelewa kwa kawaida haitumwi tena na kadi ya mtandao. Lazima programu za ngazi ya juu zigundue kuwa kuna pengo, zingoje, kisha ziombe upya. Kungoja huko ndiko kunakoikwamisha video.

Kwa nini basi ping inajibiwa? Kwa sababu ping hutuma ujumbe mfupi, mmoja mmoja, kwa zamu: swali, kisha jibu. Mara chache pande mbili hutuma kwa pamoja, kwa hiyo mara chache hugongana. Tatizo hujitokeza mzigo unapokuwa mkubwa.

Dalili za kukariri:

- Taa ya kiungo inawaka na ping inajibiwa, lakini mafaili makubwa yanatambaa.
- Upande wa nusu dupleksi unaonyesha migongano iliyochelewa.
- Upande wa dupleksi kamili unaonyesha makosa ya CRC na vipande vya fremu, bila mgongano wowote.

6. Jinsi ya kusanidi

(a) Kompyuta ya Windows. Fungua "Device Manager", nenda "Network adapters", bonyeza kadi ya mtandao mara mbili, chagua kichupo cha "Advanced", kisha "Speed & Duplex". Chaguo la kawaida ni "Auto Negotiation".

(b) Kompyuta ya Linux. Kutazama hali ya kiungo:

`sudo ethtool eth0`

Kusanidi kwa mkono:

`sudo ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off`

Kurudisha mapatano:

`sudo ethtool -s eth0 autoneg on`

Jina eth0 linaweza kuwa tofauti kwenye kompyuta yako.

(c) Swichi ya Cisco. Ukiwa kwenye hali ya usanidi:

`interface fastethernet 0/1`
`speed 100`
`duplex full`

Kurudisha mapatano, andika `speed auto` na `duplex auto`. Kutazama milango yote kwa pamoja, toka kwenye hali ya usanidi kisha andika `show interfaces status`.

(d) Swichi ndogo za dukani. Nyingi hazisanidiki kabisa. Milango yake iko kwenye mapatano ya kiotomatiki siku zote. Hapo huna hiari: kompyuta inayounganishwa nayo isisanidiwe dupleksi kamili kwa mkono.

Zingatia umeme. Kwenye swichi ya Cisco mabadiliko hukaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uyahifadhi kwa `copy running-config startup-config`. Amri ya ethtool nayo husahaulika kompyuta ikiwashwa upya. Umeme ukikatika usiku, asubuhi upande mmoja unaweza kuamka ukiwa kwenye mapatano, na mwengine ukabaki na usanidi wa mkono uliohifadhiwa. Mtandao uliokuwa mzima jana unakuwa mgonjwa leo, na hakuna aliyeugusa.

7. Kanuni za kuchagua

1. Acha pande zote mbili kwenye mapatano ya kiotomatiki. Hii ndiyo kanuni ya kwanza.
2. Ukilazimika kusanidi kwa mkono, kwa mfano kifaa kikuukuu hakipatani vizuri, sanidi pande zote mbili, kasi na dupleksi zilezile.
3. Kama upande mmoja hauwezi kusanidiwa, na mwengine hauwezi mapatano, weka ule wa mkono kwenye nusu dupleksi. Ni polepole, lakini zamu zitaheshimiwa.
4. Mbps 1000 kwenye kebo ya shaba huhitaji mapatano. Usiyazime.
5. Kagua kebo kabla ya kulaumu usanidi. Mbps 100 hutumia jozi mbili za nyaya, pini 1, 2, 3 na 6. Mbps 1000 hutumia jozi zote nne. Hewa ya bahari yenye chumvi huleta kutu kwenye plagi, na jozi moja ikifa, gigabiti haipatikani. Kebo isizidi mita 100.

8. Hesabu ya muda wa kuhamisha faili

Mfano. Faili la video lina ukubwa wa megabaiti 600. Tafuta muda wa chini wa kulihamisha kwa (i) Mbps 10, (ii) Mbps 100, (iii) Mbps 1000.

Baiti 1 = biti 8, kwa hiyo megabaiti 600 × 8 = megabiti 4800.

(i) 4800 ÷ 10 = sekunde 480, yaani dakika 8
(ii) 4800 ÷ 100 = sekunde 48
(iii) 4800 ÷ 1000 = sekunde 4.8

Kwa vitendo muda huzidi kidogo, kwa sababu kila fremu hubeba pia anwani na data za ukaguzi.

Usiichanganye kasi ya kiungo na kasi ya intaneti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na ukaongeza sana uwezo wa intaneti nchini. Lakini data inayotoka huko hupita vituo vingi kabla ya kufika Shumba, na mwendo wake ni ule wa kiungo dhaifu kuliko vyote njiani. Kifurushi kikiwa cha Mbps 10, kubadilisha swichi ya Mbps 100 kwa ya Mbps 1000 hakuongezi kasi ya kufungua kurasa za intaneti. Kutaharakisha kunakili kutoka kwenye seva ya ndani tu. Na kiungo cha ndani kikiwa na dupleksi zisizolingana, hata mkongo mzima wa baharini hautakisaidia.

9. Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

- Kuandika kwamba dupleksi kamili "ni kasi zaidi". Sahihi: inaruhusu kutuma na kupokea kwa pamoja.
- Kuandika kwamba dupleksi zisipolingana kiungo hukatika. Kinachokata kiungo ni kasi zisizolingana. Dupleksi zisizolingana hukiacha kiungo kikiwa hai lakini kigonjwa.
- Kusahau kuzidisha kwa 8 kutoka baiti kwenda biti.
- Kuandika kwamba upande wa kiotomatiki "utaifuata" dupleksi ya upande wa pili. Hautaifuata, kwa sababu hauioni.

10. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha nusu dupleksi na dupleksi kamili, na utoe mfano mmoja wa kila moja. (alama 4)
2. Mlango wa swichi uko kwenye mapatano ya kiotomatiki. Kompyuta imesanidiwa Mbps 100, dupleksi kamili, kwa mkono. Taja kasi na dupleksi ya kila upande na ueleze sababu. (alama 5)
3. Faili la megabaiti 250 linahamishwa kwenye kiungo cha Mbps 100. Tafuta muda wa chini. (alama 3)
4. Mwalimu anaona makosa mengi ya CRC kwenye seva na migongano iliyochelewa kwenye mlango wa swichi. Tatizo ni lipi, na alitatue vipi? (alama 4)

Majibu

1. Nusu dupleksi: pande mbili huwasiliana kwa zamu, mfano, redio ya upepo. Dupleksi kamili: pande mbili hutuma na kupokea kwa wakati mmoja; mfano, simu.

2. Kompyuta: Mbps 100, dupleksi kamili. Swichi: Mbps 100, nusu dupleksi. Swichi huitambua kasi kutokana na mawimbi yaliyo kwenye waya, lakini haiwezi kuitambua dupleksi kwa kuwa kompyuta haitangazi. Kwa hiyo huchukua nusu dupleksi.

3. 250 × 8 = megabiti 2000. 2000 ÷ 100 = sekunde 20.

4. Dupleksi hazilingani: seva iko kwenye dupleksi kamili na swichi kwenye nusu. Azirudishe pande zote mbili kwenye mapatano ya kiotomatiki, au azisanidi zote mbili kwa kasi na dupleksi zilezile, kisha ahifadhi usanidi.

Zoezi la vitendo: Mkiwa na swichi inayosanidika, kompyuta mbili na ruhusa ya mwalimu, nakilini faili kubwa na mpime muda. Kisha sanidini kompyuta moja tu iwe Mbps 100 dupleksi kamili, mlango wa swichi ubaki kwenye mapatano, na mpime tena. Andikeni nyakati zote mbili, someni vihesabio vya makosa pande zote, kisha mrudishe mapatano kabla ya kutoka maabara.